Mpagazi wa Mguu wa Eunike

Mihayo Kasanda alikuwa analia na sisi tulikuwa tunacheka, na siku hiyo hapakuwa na ubaya wowote. Kilikuwa kipindi cha sita. Dada yangu Eunike alikuwa amesimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, mguu wake wa kushoto umekanyaga sinia la kokoto, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri chai. Mihayo alikuwa kwenye kiti cha pembeni na hakukanyaga chochote. Soksi ya nyaya ilimbana hadi chini ya goti, na kila Eunike alipohamishia uzito kwenye kisigino, yeye ndiye aliyepiga kelele.

“Njaa yote ile mnayoililia Wagogo,” alisema huku machozi yanamchuruzika, “mbona huyu ana uzito wa lori?”

Tausi, nesi wangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia Mihayo kwamba Mnyamwezi hana haki ya kulalamikia mzigo. Babu zake walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, yeye kapewa unyayo mmoja wa mwanamke na anatujazia mji makelele. Akasema babu zake angalau walipewa shanga, mimi hata uji sijampa. Hapo mashine ikauliza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka: “Mpagazi amelalamika. Ni utani, au si utani?”

Nikabonyeza utani. Kipindi kikaendelea.

Mniwie radhi, lazima nieleze kidogo, maana kuna watu wananihukumu na hata kazi yenyewe hawaijui. Mshipa wa fahamu ukikatika huota upya, lakini huota kwa uchungu. Wenzangu walionitangulia walijaribu kuutia ganzi, mshipa ukalala. Wenyewe unataka kupeleka habari ya maumivu juu na kupata jibu la ubongo ulio macho, ndipo usogee. Ubongo wa nani, haujali. Basi ndiyo kazi ya Daraja, mashine yetu. Mgonjwa anakanyaga, anapinda, anainua kisigino, anafanya mazoezi ambayo peke yake angezimia. Uchungu unatoka kwenye soksi yake na kuingia kwenye soksi ya mtu mwingine, na jibu linarudi. Dakika ishirini na tano, sentimita moja na ushee. Eunike alihitaji vipindi thelathini, kutoka chini ya goti alikoangukiwa na nguzo ya zege shambani kwake, mpaka ncha za vidole.

Huyo mtu mwingine ndiye tunayemwita mpagazi, na sheria imechagua awe nani. Ndugu hafai, kwa sababu ndugu husema uongo. Kuna mama mmoja alifia kwenye kiti akiwa bado anasema maumivu ni sifuri, sifuri, ili mwanawe aendelee. Mtu wa kulipwa hafai pia, maana masikini angekubali mpaka azikwe. Waliotunga sheria wakatafuta mtu aliye karibu kiasi cha kujitolea na mbali kiasi cha kutojiua kwa mapenzi, wakaona nchi hii inaye tangu zamani. Mtani. Anayeingia kwako bila hodi, anayekutukania marehemu baba yako mbele ya jeneza na huruhusiwi kukasirika.

Walichosahau ni kwamba mtani hajui kuumia kimyakimya. Mwaka wa kwanza wapagazi walipiga mayowe ya “nakufa” dakika ya pili, mashine ikazima, soksi zikafunguka, wagonjwa wakaporomoka, na wao wakacheka. Mzee mmoja akavunjika nyonga. Ndipo soksi ya mpagazi ikawekewa kufuli, na ndipo kikaja kitufe. Mpagazi akilalamika, mtaalamu anasema kama ni utani au la. Akisema si utani, kufuli linafunguka. Akisema utani, kazi inaendelea.

Pale kliniki ya Ilolo mtaalamu alikuwa mmoja, mimi, Yustina Ndahani. Sikuwa na wa kumwachia dada yangu, wala nisingemwachia mtu.

*

Eunike amenizidi miaka kumi na mmoja na ndiye aliyenilea. Ana mdomo mkali na mkono mkali zaidi. Zabibu zake zilikuwa zikinyunyiziwa dawa na droni kama za watu wote, lakini matawi alikata mwenyewe, kwa sababu alisema mashine haijui huruma. Nguzo ilipomwangukia, mguu ukaning'inia. Akitembea ulikuwa unaburuta vidole chini. Hilo angelivumilia. Hakuweza kuvumilia moto. Miezi saba alilala mguu uko nje ya shuka, kwa sababu uzito wa shuka ulikuwa kama pasi ya mkaa. Asubuhi moja nilimkuta anauliza bei ya msumeno wa umeme, na hakuwa anataka kukata kuni.

Mihayo alijitokeza mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa michezo na refa wa ligi ya wilaya, mtu mrefu, mweusi tii, mwenye miguu ya kukimbia dakika tisini jua la saa nane. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Aliingia jikoni kwetu, akaipua sufuria ya nyama bila kuuliza, akakaa nayo mapajani, akala. Alipomaliza alisema amesikia kuna Mgogo anayetaka kubebewa mguu, naye ni Mnyamwezi na hajabeba kitu muda mrefu, mgongo unamwasha. Eunike alimtukana, akamkumbatia, akalia. Sikuwahi kumwona dada yangu akilia mbele ya mwanamume.

Kipindi cha kumi na nne kidole gumba cha Eunike kilicheza. Kilijikunja kidogo tu, kikarudi. Tukasahau yote tukashangilia, na Mihayo kwenye kiti chake akashangilia kuliko sisi, akidai kidole kile ni chake, yeye ndiye aliyekizaa kwa uchungu, kipewe jina la babu yake.

Kuanzia hapo maneno yake yakaanza kubadilika, na sikia kilichonipata: sikuona. Alikuja na kiatu kimoja, mguu wa kushoto uko peku. Nikamwambia Wanyamwezi hata viatu wanavaa kwa zamu. Akacheka. Akasema mguu wa dada yangu unamfuata mpaka nyumbani, unalala naye kitandani, na mkewe amemwambia achague mmoja. Tausi alicheka mpaka akakaa chini. Kipindi cha kumi na saba akasema siku hizi anachezesha mpira akiwa juu ya baiskeli. Utani, utani, nikabonyeza. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeimba wimbo unaoujua, hushughuliki na maneno.

Kipindi cha kumi na tisa alikaa, akavaa soksi taratibu, na kabla sijagusa chochote akasema, “Kumi.”

Tunahesabu maumivu kutoka sifuri hadi kumi. Nikamwambia hata sijawasha.

“Ndiyo maana nakwambia,” alisema.

Nikacheka. Nikawasha.

*

Nzi ndiye aliyenifumbua macho, nzi tu wa kawaida. Tulikuwa tumemaliza kipindi cha ishirini na moja, Eunike kapelekwa nyumbani, Tausi kaenda kula. Daraja ilikuwa imezimwa. Mihayo alikuwa kwenye benchi, mguu kaunyoosha, ananisimulia jinsi mashabiki wa timu ya wafuga kuku walivyomfukuza na mayai. Nzi akatua juu ya unyayo wake.

Mihayo akanyamaza katikati ya neno. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimtazama yule nzi kama mtu aliyekutana na nyoka kwenye njia nyembamba, machozi yakashuka, mkono ukashindwa kuinuka. Nzi akatembea hatua mbili tatu kuelekea kwenye vidole. Nilimpunga akaruka, na Mihayo akavuta pumzi iliyokwaruza.

Nikaushika mguu kwa kisigino. Ulikuwa wa baridi na wa kung'aa, umeingia rangi ya zambarau, vinyweleo vya mguuni vimekwisha kabisa. Nikachukua pamba, nikaigusisha karibu na kifundo. Aling'ata ukosi wa shati lake.

“Umeona,” alisema baadaye. “Nilidhani nitakufa wewe unacheka.”

Nilimwambia nimeona. Akashusha mabega, akaniambia mtani wangu, mtani wangu, mara tano au sita. Nikamwambia aje Alhamisi.

Nilijua ni nini, wala sikuhitaji kufungua mwongozo. Maumivu yalikuwa yameota mizizi. Ubongo ukijibu uchungu wa mguu usio wake mara nyingi mno, mwisho unasadiki kwamba ni wake, na mishipa ya mguu mzima inaanza kuimba wimbo huohuo bila kuguswa. Dawa yake ni kuacha siku hiyohiyo. Halafu miezi mitatu ya mazoezi ya kizamani, yale niliyofundishwa kabla hakujawa na Daraja: kitambaa laini, kisha kikwaruzi kidogo, maji ya vuguvugu na ya baridi kwa zamu, kioo cha kuudanganya ubongo kwa mguu mzima. Kwa walioacha mapema, tisa kati ya kumi walipona kabisa. Wakiendelea hakuponi mtu. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi hayo, na mtihani niliwatungia mimi.

Na mshipa wa Eunike ulikuwa umefika kwenye upinde wa unyayo. Vipindi tisa vilibaki. Mshipa ukiachwa njiani hausubiri, unajifunga fundo palepale ulipo, na fundo hilo ni ule moto wa pasi ya mkaa, maisha yote, bila kuwezekana kurudiwa. Kubadili mpagazi haiwezekani pia, maana mshipa unakuwa umeshazoea jibu la ubongo mmoja, ukiletewa mwingine unagoma. Yaani kulikuwa na moto mmoja na watu wawili. Mtu wa kuchagua nani abaki nao alikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza kama naitaka kazi hiyo.

*

Nilimkuta Eunike shambani, amekaa juu ya kreti, mkasi mkononi. Nilimweleza yote bila kuficha. Nilimweleza habari ya nzi. Alisikiliza huku akikata vishada na kuvilaza kwenye kapu, kimoja kimoja, bila kuviangusha.

Akaniuliza mguu wake utakuwaje tukiacha. Nikamwambia. Akauliza kama huyo bwana ana watoto. Nikasema watatu. Akaniuliza kama nilishamwambia kwamba anaweza kupona. Nikasema bado. Nikamkumbusha kwamba yeye peke yake pale Ilolo anajua moto huo ulivyo, amelala nao miezi saba, na nilitegemea kwa sababu hiyo angekuwa wa kwanza kusema tuache. Nilisema hivyo, na nilikuwa nasadiki.

“Kwa sababu naujua,” alijibu, “ndiyo maana siurudii.”

Nikamwambia Mihayo ni mtu wetu. Ni mtani wa nyumba.

“Wapagazi walikuwa wanafia njiani, Yustina, na pembe zikafika Bagamoyo.”

Hakuwa anatania. Mimi namjua dada yangu. Akaniwekea kishada mapajani, akaniambia nile, nimekonda, na kweli nikala. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yananiuma, na nilikuwa nampenda, na nilikuwa namwogopa, na zabibu zilikuwa tamu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimeuona mzigo ule, nikaupima kwa pamba. Sina kisingizio cha kutojua.

Alhamisi Mihayo asingekubali kufungwa soksi kwa kazi, hilo lilikuwa wazi. Na akitoka siku hiyo hatarudi. Kwa hiyo vipindi tisa vingelazimika kufanywa siku moja. Mwongozo unasema kimoja kwa siku. Mashine yenyewe haikatazi, inauliza tu.

*

Alikuja amevaa shati jeupe la pasi, kama mtu anayekwenda kubatizwa. Alidhani tunaanza matibabu yake. Alikuwa ameleta na kitambaa laini cha mtoto wake mdogo, kwa sababu aliuliza kwa watu akaambiwa huanza na kitambaa.

Nikamwambia avae soksi kwanza nimpime. Ilimchukua muda mrefu kuivaa. Aliivuta nukta kwa nukta, jasho linamdondoka kwenye kidevu, mara mbili akaacha ili apumzike, nami nikamsubiri kwa upole. Kufuli likalia. Nikamwita Eunike kutoka chumba cha ndani.

Mihayo alimtazama akipita kwenda kwenye vyuma, akaliona sinia la kokoto, akanitazama mimi. Sidhani kama kuna kitu nitakikumbuka kaburini zaidi ya alivyonitazama. Nikawasha.

Baada ya ile kelele ya kwanza alijitahidi akajikusanya. Alikaa wima. Hakuniita mtani wala Mgogo.

“Mtaalamu Yustina Ndahani,” alisema, polepole, kila neno peke yake. “Leo sitanii. Nimeumia. Nakuomba unifungulie.”

“Mpagazi amelalamika,” ikasema mashine. “Ni utani, au si utani?”

Nikacheka. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kile kicheko asubuhi, mbele ya kioo cha kliniki. Tausi aliposikia nacheka akacheka naye, maana amezoea, na kweli Mihayo alivyokaa wima vile na shati lake jeupe alifanana na anayeigiza mchungaji. Nikabonyeza.

Kipindi cha pili cha siku hiyo aliniapia kwa watoto wake, akawataja majina. Nikasema Wanyamwezi huapa hata kwa mbuzi. Cha tatu Tausi hakucheka tena. Alinisogelea akanivuta mkono akaninong'oneza kwamba dada, huyu analia kweli. Nikamwambia yeye ni mtu wa pwani, hajawahi kuona msiba wa kwetu, watani wanagaragara kwenye udongo wa kaburi na jioni wanakula. Alinitazama, akamtazama Mihayo, akavua glavu, akatoka nje. Hakumwita mtu. Wa kumwita alikuwa nani, mtaalamu ni mimi.

Eunike alikanyaga. Jasho lilimtoka, maana kazi ya misuli ni ya kwake hata kama uchungu si wake. Nilimhesabia: kisigino, ubavu, ncha. Kisigino, ubavu, ncha. Mapajani alikuwa na kipimo kinachoonyesha mshipa unavyosonga, na sitadanganya, nilikitazama kwa furaha. Sentimita moja na ushee. Tena. Tena. Kidole cha pili kilijikunja, kisha cha tatu.

Kipindi cha sita Mihayo alijaribu njia nyingine. Alianza kutukana. Alimtukana mama yangu, akamtukana bibi yangu, akasema Wagogo tulipokwenda kwa Mungu kuomba mvua tulimkuta analia njaa yeye mwenyewe. Nilielewa anachotafuta. Alitaka nikasirike, nisahau kucheka, kidole kiende kwenye kitufe kingine. Na tusi lile lilikuwa zuri. Nilicheka kweli, cheko langu la kweli pekee siku hiyo, na yeye akalisikia.

Baada ya hapo hakusema neno. Mashine iliendelea kuuliza, maana inasikiliza moyo pia, si mdomo tu. Nilibonyeza cha saba. Nilibonyeza cha nane. Katikati ya cha tisa Eunike alisimama, akashika vyuma kwa nguvu, nikadhani amechoka, nikadhani labda amemtazama. Alikuwa anatazama kidole chake kidogo cha mwisho. Kilikuwa kinacheza.

“Endelea,” alisema. “Usiniharibie mwishoni.”

Vyote tisa vilichukua karibu saa nne nzima. Kufuli lilipofunguka Mihayo hakuweza kuivua soksi. Nikamkatia kwa mkasi.

*

Baraza la wilaya lilituma watu watatu, sijui nani alipeleka habari, nadhani Tausi. Walisoma kumbukumbu za mashine. Malalamiko hamsini na mawili, yote utani. Wakamwita Mihayo aeleze.

Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama refa anayeandika ripoti ya mechi. Soksi, kitambaa cha mtoto, vipindi tisa. Alipofika kwenye tusi la mvua, mwenyekiti, aliyemfahamu viwanjani miaka kumi, alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akavua miwani. Wenzake wakamfuata. Mihayo alisubiri wamalize, kisha akaendelea pale alipoishia, na wao wakacheka tena, kwa sababu uso wake ulikuwa mkavu na walidhani ndio ustadi wenyewe.

Wakaniuliza mimi. Ningeweza kusema neno moja.

“Mnamjua Mihayo,” nilisema.

Wakafunga faili. Eunike alitembea bila fimbo kabla ya mavuno kwisha. Sikukuu ya mavuno alicheza kanisani, akaruka kwa mguu wa kushoto kuwaonyesha watu, na watu wakampigia makofi mtaalamu pia. Nilisimama nikainama.

Mihayo akaja kwangu. Angekwenda wapi? Mahali penye mtaalamu mmoja, anayekuumiza ndiye anayekutibu. Alikuja kila Jumanne, saa nne asubuhi, kwa magongo, mguu umewekwa ndani ya ndoo isiyo na kitu ili upepo usiuguse. Kitambaa, maji ya vuguvugu, maji ya baridi, kioo. Nilijua hayatasaidia na yeye alijua. Nilikuwa nikimtania. Nilimwambia Mnyamwezi gani huyu anayetembea na ndoo bila maji. Nilimwambia mkewe atamwacha. Nilitukana babu yake, nikangoja.

“Nane, mtaalamu,” alikuwa anajibu. “Asante.”

Kila Jumanne ilikuwa hivyo. Nane, mtaalamu. Tisa, mtaalamu. Samahani nimechelewa, mtaalamu. Nilifika mahali nikamwomba anitukane, nikamwomba kama mtu anayeomba maji. Alinitazama kwa adabu, akaniuliza kama leo tunaanza na ya vuguvugu au ya baridi.

Mwezi wa tano wa Jumanne hizo aliniomba kitu. Alisema tangu ile Alhamisi hajalala zaidi ya dakika kumi kwa mpigo. Hakutaka tiba. Alitaka nimbebee saa moja, alale. Sheria inasema mpagazi awe mtani, na pale Ilolo mtani wake aliyejua kuifunga soksi nilikuwa mimi. Hakunitisha wala hakunikumbusha chochote. Aliniomba kama anavyoomba kiti.

Nilikubali haraka. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiambia saa moja ni nini, nikimaliza ataniita mtani, tutakuwa tumelipana. Nilimwambia Tausi aangalie saa. Alipomaliza kuvaa soksi yake nikavaa yangu, nikajifunga kufuli, ufunguo ambao mtaalamu hubaki nao kwa dharura nikauweka mfukoni, nikawasha.

Nilimwona Mihayo uso ukimlegea. Kichwa kikaegemea ukutani, mdomo ukafunguka, na kabla sijajua ninachokisikia yeye alikuwa anakoroma. Halafu nikakisikia. Nimeifundisha kazi hii miaka kumi na mmoja na nilikuwa sijui kitu. Ilikuwa kama mguu umetiwa kwenye mafuta yanayochemka, na mtu anaushikilia humo, na unajua hautaiva, hautaisha, hautakufa ganzi. Nilitaka kufikiria jambo lingine na sikulipata. Nilitaka kumfikiria yeye, kwamba amelala, kwamba huu ndio usingizi wake wa kwanza. Nilimfikiria, na nikamchukia kwa kulala.

Nilidhani nusu saa imepita. Nikatoa ufunguo nikafungua.

Aliamka na sauti ambayo sitaieleza. Tausi, macho yake yako kwenye saa, akasema dakika nne. Mihayo alikaa kidogo, anahema, mikono imeshika ukingo wa benchi. Akaniona nimeupakata mguu wangu mzima, nautomasa, namshukuru Mungu.

“Pole sana, mtaalamu,” alisema, na alimaanisha. “Unauma.”

Nilimwambia nitajaribu tena Jumanne inayokuja, nitajiandaa vizuri, saa nzima. Jumanne alikuja saa nne kamili, akaweka magongo pembeni, akautoa mguu kwenye ndoo. Soksi zilikuwa mezani, katikati yetu. Hakuniuliza. Nami nikachukua kitambaa.